Komoro: Nchi Ambayo Barabara Yake Kuu ni Bahari

Muungano wa Visiwa vya Komoro uko kwenye lango la kaskazini la Mlango wa Bahari wa Msumbiji, baina ya pwani ya Afrika na ncha ya Madagaska, takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Visiwa vinavyotawaliwa kutoka Moroni ni vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, ambacho ramani nyingi hukiita Mayotte, kilibaki mikononi mwa Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ardhi ya visiwa hivyo vitatu ikijumlishwa haifiki kilomita za mraba 1,900, pungufu ya Unguja na Pemba kwa pamoja.

Kwa udogo huo mtu angetarajia nchi isiyo na tabu ya usafiri. Tabu ipo, tena kubwa, kwa kuwa katikati ya nchi yenyewe kuna bahari. Kutoka Moroni hadi Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, ni kama kilomita 135 kwa mstari ulionyooka. Hadi Fomboni, mji mkuu wa Mwali, ni zaidi ya 80. Mwanafunzi anayekwenda chuo, mwananchi anayefuatilia karatasi zake wizarani, mgonjwa aliyeandikiwa kupimwa hospitali ya kisiwa kingine, muuza karafuu: wote hawa kabla ya jambo lolote wanauliza kama kuna chombo, na kama bahari imetulia.

Zamani swali hilo lilijibiwa na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka pwani ya Waswahili na Uarabuni, kusi ikayarudisha, na visiwa hivi vikawa kituo cha njia iliyounganisha Kilwa, Zanzibar na Madagaska. Nzwani, ambayo Waingereza waliiita Johanna, ilijulikana hadi London: meli zao zilizokwenda India zilitia nanga Mutsamudu kupakia maji, matunda na nyama. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, meli kubwa zikapata njia fupi, na Komoro ikajikuta kando ya njia za dunia. Biashara ya majahazi na Zanzibar iliendelea, na Wangazija wengi walihamia Unguja na Mombasa kwa vyombo hivyo, lakini meli kubwa hazikurudi kwa wingi ule.

Ndani ya kila kisiwa, umbo la ardhi ndilo lililochora barabara. Ngazija, kikubwa kuliko vyote, kina urefu wa kilomita 60 na ushei, na nusu yake ya kusini imekaliwa na mlima Karthala, volkano hai yenye kimo cha mita 2,361. Mawe yake ya volkano hunyonya mvua yote, hivyo kisiwa hakina mito inayotiririka mwaka mzima na wajenzi wa barabara hawakusumbuliwa na madaraja. Kinachowasumbua ni mlima wenyewe. Mwezi Aprili 1977 ufa ulifunguka ubavuni, mto wa moto ukateremka hadi baharini na kuteketeza kijiji cha Singani upande wa kusini-magharibi. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili na kumwaga majivu juu ya vijiji, maelfu ya watu wakahama kwa magari na kwa miguu. Kwa sababu hiyo barabara ya pwani inayozunguka Ngazija ni uhai wa watu pamoja na kuwa njia ya biashara, maana ndiyo wanayokimbilia mlima unapotishia.

Nzwani kina matatizo ya kinyume chake. Ni kisiwa cha vilele na mabonde, chenye watu wengi kuliko ardhi inavyoweza kuwabeba, na kina mito. Barabara zake zinapanda kwa kona kali kutoka pwani hadi vijiji vya juu. Kwa kuwa misitu ya miteremko imekatwa sana, mvua za kaskazi hushusha udongo na mawe juu ya lami. Mwali, kidogo na chenye watu wachache, kina barabara inayofuata pwani na magari machache ya kuipita.

Mjini Moroni usafiri wa kila siku ni teksi, ingawa mgeni akiiita teksi kwa maana ya gari la kukodi peke yake atachanganyikiwa. Ni gari dogo linalobeba watu wanaokwenda njia moja. Anayetaka kupanda husimama kando ya barabara. Gari linapopunguza mwendo, anataja mahali anakokwenda kupitia dirishani. Kama panaelekeana na safari ya waliomo, dereva anasimama na watu wanasogea; kama hapaelekeani, anaondoa gari bila neno na mtu anangoja jingine. Kila abiria hulipia nafasi yake, na dereva ndiye anayepanga kichwani nani ashushwe kwanza na nani azungushwe. Ruti haikuandikwa ubavuni kama ilivyo kwa daladala, na konda hakuna. Mpango huu haukubuniwa na ofisi yoyote, lakini unafaa mji wenye barabara nyembamba na watu wanaojuana, na unabeba watu wengi kwa magari machache.

Kwa safari za vijijini kuna vipanya na magari ya wazi yanayoondoka yakishajaa. Hapa msafiri hana budi kuwa na subira: gari la asubuhi linaweza kuondoka saa nne, na la kurudi jioni lisipatikane. Magari yote hupita upande wa kulia, urithi wa Wafaransa, na mtu aliyetoka Tanzania au Kenya inambidi ajifunze upya kutazama barabara kabla ya kuvuka.

Hali ya barabara imekuwa ikipanda na kushuka. Lami nyingi iliyowekwa miaka ya nyuma iliachwa bila matengenezo mpaka mashimo yakaungana. Kisha tarehe 24 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na ncha ya kaskazini ya Ngazija, mawimbi yakala kingo za barabara za pwani. Tangu hapo, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na wahisani wengine, sehemu muhimu zimejengwa upya, ikiwemo barabara inayotoka Moroni kwenda Foumbouni upande wa kusini. Mkulima wa vanila au ilangilangi anayeishi huko huihisi tofauti hiyo moja kwa moja, kwa kuwa maua ya ilangilangi hayana budi kufika kwenye mtambo wa kukenekea mafuta yakiwa mabichi. Yakichelewa njiani yananyauka na thamani inapotea.

Vinavyoliwa na kutumika Komoro kwa sehemu kubwa hutoka nje: mchele, unga, saruji, mafuta ya magari, dawa. Vyote huingia kwa meli, na bandari ya mji mkuu haina kina cha kutosha kupokea meli kubwa. Ngazija ni kisiwa kichanga kwa umri wa miamba, pwani yake inateremka ghafla hadi kilindini, na hakina ghuba kubwa iliyofunikwa na matumbawe. Bandari ya zamani ya Moroni, ile iliyo mbele ya Msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1427, ni beseni dogo ambalo maji yakipwa vyombo hulala juu ya mchanga.

Kwa hiyo meli ya makontena hutia nanga nje. Tishari, jukwaa la chuma lisilo na injini, huvutwa na boti hadi ubavuni mwa meli. Winchi ya meli hunyanyua kontena na kulishusha taratibu huku tishari likipanda na kushuka na mawimbi. Watu walio juu yake husubiri kontena likae sawasawa kabla ya kufungua ndoano, maana wimbi moja likija vibaya kontena linayumba na kuweza kumbana mtu. Likishatua, tishari huvutwa hadi gatini, kontena linanyanyuliwa mara ya pili na kuwekwa nchi kavu, tishari linarudi kuchukua jingine. Kaskazi inapovuma kwa nguvu, pwani hiyo ya magharibi inakuwa wazi kwa mawimbi, kazi inasimama na meli inangoja. Muda wa meli unalipiwa na kila unyanyuaji unalipiwa, na gharama hizo zote hatimaye zinaingia kwenye bei ya kilo ya mchele dukani.

Bandari yenye kina cha maji ya kutosha meli kubwa kufunga gati iko Mutsamudu, Nzwani, na ilijengwa miaka ya 1980. Shehena ya Ngazija ikiteremshwa huko inahitaji chombo kingine cha kuivusha kwenda Moroni. Katika nchi yenye utulivu wa kisiasa mgawanyo huo wa kazi ungekuwa wa faida, lakini Komoro ilipitia kipindi ambacho visiwa vilitengana. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali vilijitangaza kujitenga, na kwa miaka kadhaa bandari bora ya nchi ilikuwa mikononi mwa watu wasioitii Moroni. Mgogoro wa mwisho ulimalizika Machi 2008, wakati majeshi ya Umoja wa Afrika, yenye wanajeshi wa Tanzania na Sudan mstari wa mbele, yaliposhuka Nzwani kwa kutokea Mwali. Malengo yao ya kwanza yalikuwa uwanja wa ndege wa Ouani na bandari ya Mutsamudu. Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa, alikimbilia Maore kwa mashua.

Kuna jambo moja la kushangaza kuhusu bahari na nchi hii. Bendera ya Komoro inapepea juu ya meli nyingi za mizigo katika bahari za mbali, kwa sababu nchi ina daftari lililo wazi kwa wamiliki wa kigeni wanaotafuta ada nafuu. Mabaharia wengi wa meli hizo si Wakomoro na hawatafika Moroni maishani. Wakati huohuo, vyombo vya kuwavusha wananchi kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni vichache, na vingi ni vya zamani, vilivyonunuliwa vikiwa vimekwisha kufanya kazi kwingineko.

Uvukaji huo una sura mbili. Ya kwanza ni meli ndogo na feri zinazobeba abiria na mizigo pamoja kati ya Moroni, Fomboni na Mutsamudu, nyingi zikisafiri usiku. Sitahani kuna magunia, majiko ya gesi, mbuzi, magodoro, na katikati yake watu waliotandika kanga. Ya pili ni mashua za faiba zenye injini ya kupachika nyuma, ambazo huko huitwa kwasa. Hizi hutumia njia fupi, hasa kutoka Chindini, kijiji cha ncha ya kusini ya Ngazija, hadi Hoani upande wa kaskazini wa Mwali, mwendo wa kama kilomita 40. Bahari ikiwa shwari ni safari ya saa chache. Inapochafuka, mashua ya wazi yenye watu waliobanana haina pa kukimbilia, kwa kuwa mkondo kati ya visiwa hivi ni wa maji ya kilindi na mikondo yenye nguvu.

Ajali zimekuwa nyingi mno. Agosti 2011 meli ya abiria Madjriha ilizama karibu na pwani ya Ngazija ikiwa njiani kwenda Nzwani, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, hivyo msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa uchungu wake. Sababu zinazotajwa baada ya ajali kama hizi ni zilezile pande zote mbili: abiria kuzidi, mizigo kupakiwa bila mpango, jaketi okozi kutotosha, ukaguzi wa jina tu.

Nyuma ya sababu hizo kuna nyingine inayostahili kusemwa waziwazi. Serikali hujenga barabara bila kuidai barabara ilete faida. Inajua kwamba faida yake iko kwa wanaoitumia. Uvukaji wa bahari, ambao kwa Komoro ndio barabara kuu, kwa muda mrefu umeachiwa zaidi wenye vyombo binafsi. Mwenye chombo anapaswa kulipa mafuta, mabaharia na matengenezo kutokana na nauli za watu wasio na uwezo mkubwa. Njia pekee anayoiona ni kujaza. Mpaka uvukaji uhesabiwe kuwa huduma ya umma, yenye ruzuku, ratiba na wakaguzi wenye mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke, kamati za uchunguzi zitaendelea kuandika ripoti zinazofanana. Miradi ya sasa ya kuboresha bandari na kuunganisha visiwa, inayogharimiwa na Benki ya Dunia na wengine, imegusa pia bandari ndogo ya Boingoma huko Mwali. Hiyo ni habari njema kwa kisiwa ambacho mara nyingi husahaulika, ila gati zuri bila chombo salama cha kufunga hapo ni nusu ya kazi.

Anayeweza kulipa zaidi hupanda ndege. Kila kisiwa kina uwanja: Hahaya kaskazini ya Moroni, Ouani karibu na Mutsamudu, na Bandar es Salam karibu na Fomboni. Kwa ndege ndogo ya abiria, safari kati yake ni ya dakika kama 30. Shirika la taifa, Air Comores, lilikufa miaka ya 1990, na tangu hapo kampuni ndogo zimekuja na kuondoka, kila moja na ndege mbili tatu. Ndege moja ikiharibika, ratiba ya nchi nzima inavurugika. Tarehe 26 Februari 2022 ndege ndogo iliyosajiliwa Tanzania, ikiwa na marubani wawili Watanzania na abiria 12, ilianguka baharini ikikaribia Mwali. Walioagana na ndugu zao Hahaya kwa safari fupi kama ya kwenda mtaa wa pili hawakuwaona tena.

Safari za mbali nazo zina makovu. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka majini mbele ya ufukwe wa Galawa, kaskazini ya Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 50 walisalimika, wengi kwa sababu wavuvi, wanakijiji na wageni wa hoteli iliyokuwa hapo waliwakimbilia mara moja kwa mashua. Tarehe 30 Juni 2009 Airbus ya shirika la Yemenia, iliyobeba hasa Wakomoro wanaoishi Ufaransa wakirudi nyumbani kwa mapumziko, ilianguka usiku ikijaribu kutua Hahaya. Watu 152 walikufa na msichana mmoja tu akaokolewa, baada ya saa nyingi akishikilia kipande cha mabaki. Kabla ya hapo Wakomoro wa Marseille na Paris walikuwa wamelalamika mara kwa mara kuhusu ubovu wa ndege wanazobadilishiwa wakifika Yemen. Mwaka 2022 mahakama ya Paris iliikuta kampuni hiyo na hatia ya kusababisha vifo bila kukusudia.

Safari yenye majonzi kuliko zote ni ile ya kutoka Nzwani hadi Maore, kilomita 70 tu. Hadi Januari 1995 watu walivuka kwa uhuru kwenda kuona jamaa, kuuza ndizi na mboga, kuoa na kuzika. Mwaka huo Ufaransa iliwawekea Wakomoro sharti la viza, ambalo hadi leo huitwa kwa jina la waziri mkuu wa wakati ule, Balladur. Njia halali ikawa ya wachache, na kwasa zikaanza kuondoka usiku kutoka fukwe za Nzwani, zikiwa na wajawazito wanaotafuta hospitali, vijana wanaotafuta kazi, watoto wanaowafuata wazazi. Maelfu wamezama tangu 1995. Wanaofika na kukamatwa hurudishwa Mutsamudu kwa meli ya abiria, na katika miaka mingi idadi yao imezidi 20,000 kwa mwaka. Wengi hujaribu tena. Umoja wa Mataifa umepitisha maazimio mengi ya kuitambua Maore kuwa sehemu ya Komoro, lakini familia moja iliyogawanyika pande mbili za mkondo ule bado inahitaji ama viza ama ujasiri wa kuhatarisha roho.

Njia ya kwenda Tanzania ni nyepesi zaidi. Ndege za Precision Air na Air Tanzania zimeunganisha Dar es Salaam na Hahaya kwa safari ya chini ya saa mbili, na vyombo vya mizigo huvuka kutoka Dar es Salaam na Zanzibar vikiwa na vitunguu, viazi, ng'ombe, mbuzi na bidhaa za Kariakoo. Wachuuzi, wengi wao wanawake, huja Dar es Salaam wakanunua nguo, vyombo na vipodozi, wakakaa siku kadhaa kwa jamaa au nyumba za wageni, kisha mizigo ikafuata kwa meli. Wagonjwa nao huja kutafuta matibabu. Kwa kuwa Kiswahili na lugha za Komoro zimekaribiana, mchuuzi wa Ngazija hahitaji mkalimani Kariakoo.

Usafiri umeacha alama hata katika majina ya watu. Desemba 1976 ghasia za mji wa Mahajanga, Madagaska, ziliua mamia ya Wakomoro, na wapatao 17,000 wakarudishwa nyumbani kwa meli na kwa ndege za shirika la Ubelgiji, Sabena. Waliorudi, ambao baadhi walizaliwa Madagaska na hawakuwahi kuiona Ngazija, wakaitwa Wasabena, na jina hilo limebaki kwa watoto wao.

Kila mwaka mwezi Julai na Agosti, msimu wa harusi kubwa za mila, Hahaya hujaa watu waliotoka Ufaransa na masanduku ya zawadi, nauli hupanda na viti huisha miezi kabla. Wa Ngazija hupokelewa na magari ya ukoo hapohapo nje ya uwanja. Wa Nzwani na Mwali huanza kutafuta kiti cha ndege ndogo au nafasi kwenye feri pamoja na mizigo yao yote, na katika msimu huo kipande hicho cha mwisho cha safari kinaweza kuwachukua muda mrefu kuliko kile cha kutoka Marseille.